Kati ya Mzima na Mgonjwa

Katika vijiji vyetu vya Kilembwe mtu hupimwa kwa vipimo viwili tu. Ama ni mzima, naye atalima, atatwanga na kupanda mlima na mzigo kichwani kama wenzake wote. Ama ni mgonjwa, naye ataketi kivulini na kuletewa chakula. Kipimo cha tatu hatuna. Kwa homa ya malaria au jeraha la panga vipimo hivyo vyatosha, kwa maana mgonjwa huinuka baada ya siku chache akarudi shambani. Lakini wako watu ambao vipimo hivyo vyawaonea, nao ni wale waliougua saratani walipokuwa watoto wadogo, wakapona, wakakua, na leo ni wanaume na wanawake wa umri wa kuoa na kuolewa. Habari zao ndizo tunazotaka kuzieleza, kwa sababu mmoja wao ni wa nyumba yetu.

Labda msomaji atauliza: Je, mtoto aweza kupona saratani, ugonjwa ule ambao wengi huuita kanseri? Ndiyo, aweza, na sehemu moja ya habari hiyo njema ilianzia katika nchi zetu hizi. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja katika ajali ya utotoni, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Alianza kuwatafuta wengine kama huyo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kwa muda wa majuma 10, mwendo wa kilomita 16,000 hivi, wakiuliza kutoka hospitali hadi hospitali: Je, mmeona uvimbe wa namna hii? Wakagundua kwamba ugonjwa huo hukaa katika nchi za joto na mvua, palepale malaria inapokaa. Yeyote ajuaye mbu wa kandokando ya Ziwa Tanganyika hatahitaji kuelezwa zaidi. Kisha ikaonekana kwamba uvimbe huo wa kutisha huyeyuka kwa dawa, hata watoto waliokuwa wakingojea kufa wakarudi kwao wakicheza. Mwaka 1967 Mulago walifungua wadi ya pekee kwa ajili yao, nayo ndiyo mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Leo katika nchi za tajiri watoto zaidi ya 80 kwa 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki hata 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza nia ya kuwafikisha watoto hao kwenye 60 kwa 100 ulimwenguni pote ifikapo mwaka 2030. Nia ni njema. Lakini wote husema juu ya mtoto apone, na ni wachache wausemao mwaka wa ishirini baada ya kupona.

Binti wa kaka yetu alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu nchini Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996 wakati maelfu ya watu wa Fizi walipovuka ziwa wakikimbia vita. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 7, taya lake la kushoto lilivimba, meno yakalegea, na uvimbe ukapanda hata karibu na jicho. Wengine walisema ni jino bovu; wengine walisema maneno tusiyotaka kuyaandika. Alipelekwa katika hospitali kubwa, akatiwa dawa katika mshipa kwa miezi kadhaa. Nywele zikaisha, akakonda hata mama yake akambeba mgongoni kama mtoto wa miaka 2. Uvimbe ukayeyuka. Mwaka 2008 jamaa walipanda meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na kutoka Baraka wakaipanda milima hadi Kilembwe, naye akatembea kwa miguu yake pamoja na wengine.

Alikua, akamaliza shule ya msingi, akajifunza kushona. Lakini wenye macho waliona mambo madogomadogo. Alikuwa akipiga vidole vya miguu kwenye mawe ambayo wenzake waliyaruka bila kuyaangalia. Kandambili ilimtoka mguuni, naye akaendelea kutembea bila habari. Akipanda kutoka kijitoni na bidoni la lita 20, alipumzika mara tano mahali ambapo wasichana wengine walipumzika mara moja. Akiketi chini, hakuweza kuinuka bila kujisukuma kwa mikono.

Hapo ndipo vile vipimo viwili vilipoanza kugombana nyumbani. Bibi yake alisema, "Huyu alirudishwa kutoka kaburini. Nani atathubutu kumtuma tena mtoni?" Akamnyang'anya jembe na kumwekea mkeka chini ya mwembe. Shangazi zake nao walisema, "Ugonjwa gani huu wa miaka karibu ishirini? Ni uvivu." Wakamrudishia jembe. Bibi alimpenda, na shangazi hawakumchukia. Binti mwenyewe alikuwa kama ndoo ivutwayo na watu wawili: juma hili amelala, juma lijalo amelima siku nzima, jioni miguu inatetemeka, akalala tena siku tatu. Kila alipolala alirudi shambani dhaifu zaidi, na kila alipoanguka shambani bibi alipata ushahidi.

Mwaka 2024 walikuja watu wa kijiji kingine kumwomba. Kijana wao alimpenda. Lakini wanawake wa upande ule walikuwa wameulizauliza, na mjumbe wao akatuambia kwa adabu, huku akitazama chini, "Wazee wetu, tumesikia kwamba binti yenu ana mwili wa karatasi." Mahari haikuzungumzwa siku ile. Jioni binti alikuja kwetu akasema, "Baba mdogo, mimi si mgonjwa wala si mvivu. Nataka nijue nina nguvu kiasi gani, ili niwaambie ukweli." Tuliona kwamba hilo ni ombi la haki, tukaenda naye kwenye kituo cha afya.

Sasa twapenda kumsifu kaka yetu kwa jambo moja. Katika kuvuka ziwa alipoteza mengi, lakini karatasi ya hospitali hakuipoteza. Aliiweka katika mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake. Muuguzi mkuu, mama wa makamo, aliifungua polepole kwenye mikunjo, akasoma majina matatu ya dawa: siklofosfamidi, vinkristini, metotreksati. Akatafuta la nne, doksorubisini, ambayo wauguzi huiita dawa nyekundu kwa sababu ya rangi yake. Halikuwapo. Akavuta pumzi. Alitueleza kwamba dawa nyekundu huokoa maisha ya watoto wengi, lakini yaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na udhaifu huo waweza kujificha miaka mingi na kuonekana mtu akiwa mkubwa. Hata hivyo aliusikiliza moyo, akapima msukumo wa damu, akabonyeza vifundo vya miguu kuona kama vimejaa maji. Halafu akamwambia afumbe macho, akamgusa vidole vya miguu kwa pamba. Binti akangoja. "Je, umeanza, mama?" aliuliza. Muuguzi alikuwa amekwisha mgusa mara sita.

"Binti yangu," akasema, "huu si uvivu. Ni alama ya dawa iliyokuponya. Wala si sababu ya kuketi."

Vinkristini hutokana na ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye asili ya Madagaska, ambalo watu wengi hulipanda mbele ya nyumba kwa uzuri wake tu. Dawa hiyo huua uvimbe, lakini huumiza pia mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu iendayo miguuni. Kwa watu wengi ganzi hupungua baada ya matibabu; kwa wengine hubaki. Mguu usiosikia ardhi hauinuki vizuri, misuli ya mbele ya mguu hulegea, na mtu hujikwaa. Ajikwaaye huogopa kutembea. Aogopaye kutembea hupungukiwa na nguvu za mapaja, za mapafu na za moyo, hata kama moyo wenyewe haukuguswa na dawa.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Katika hospitali ya St. Jude mjini Memphis, Marekani, waliwapima watu wazima zaidi ya 1,000 waliopona saratani ya utotoni, wakiangalia mwili waweza kutumia hewa kiasi gani katika kazi nzito. Miongoni mwa wale waliopewa dawa au mionzi yenye kuumiza moyo, karibu 64 kwa 100 walikuwa chini ya kiasi kinachofaa. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba hata wale wasiopewa dawa hizo walikuwa karibu 56 kwa 100, ambapo kwa watu wengine wa kawaida ilikuwa 26 tu. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2018, uliwafuata watu zaidi ya 15,000 wa namna hiyo wa Marekani na Kanada. Wale waliozidisha mazoezi katika muda wa miaka 8 walikufa kwa kiasi kilichopungua 40 kwa 100 wakilinganishwa na wale waliobaki bila mazoezi. Yawezekana kwamba wenye afya njema ndio hupenda mazoezi, basi tusiichukue hesabu hiyo kama ahadi. Lakini katika Uswisi waliwagawa watu 151 kwa kura: nusu waongeze saa mbili na nusu za mazoezi kila juma kwa mwaka mzima, nusu wakae kama walivyozoea. Waliofanya mazoezi walipunguza dalili za hatari ya magonjwa ya moyo kuliko wale wengine.

Msomaji wa Fizi atacheka hapa. Wazungu wana magari na viti, atasema, basi na wakimbie. Sisi twalima na kupanda milima toka alfajiri, mazoezi gani tena tuongezewe? Swali hilo ni la haki, nasi tulimwuliza muuguzi. Alijibu kwamba kazi ya shamba ni kazi, lakini si mazoezi. Shamba halimwulizi mtu jana alibeba kiasi gani. Bidoni ni la lita 20 kwa aliye na nguvu na kwa asiye nazo. Zoezi ni kazi iliyokatwa vipande, yenye kuanza chini ya uwezo wa mtu na kupanda kidogo kila juma. Ndicho kile kipimo cha tatu tulichokuwa hatuna.

Mkoa wetu una mahali pa kujifunzia mambo haya, kama kituo cha Heri Kwetu mjini Bukavu kiwahudumiacho walemavu. Lakini kutoka Kilembwe hadi Bukavu ni safari ya siku nyingi hata wakati wa amani, na mwaka 2025, mji huo ulipoangukia mikononi mwa M23, safari ikawa ngumu zaidi. Basi muuguzi alimpigia simu mtaalamu wa viungo, ambaye katika Kongo twamwita kine, wakapatana juu ya mambo yawezekanayo uani bila mashine yoyote.

Kwanza walimpima. Aketi juu ya kiti, akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara nyingi awezavyo kwa nusu dakika: alifika mara 9. Atembee dakika 6 kuzunguka uwanja kwa mwendo wake: alimaliza mizunguko miwili na kuketi chini. Hesabu hizo ziliandikwa katika daftari la shule, akapewa yeye mwenyewe alitunze.

Kisha kazi ikaanza. Kila siku isipokuwa Jumapili alitembea robo saa asubuhi kabla ya jua kali, kwa mwendo ambao mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kipimo hicho cha kuimba kilitufurahisha sana, kwa maana hakihitaji saa wala chombo. Kila juma aliongeza dakika chache. Mara tatu kwa juma aliinuka na kuketi juu ya kiti, mafungu mawili ya mara 8. Akatembea kwa visigino, vidole vikielekea juu, kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi. Akainuka kwa ncha za vidole huku ameshika ukuta. Akasimama kwa mguu mmoja karibu na mwembe, mwembe uleule wa mkeka wa bibi, ili akiyumba aushike. Watoto wa jirani walikuja kumwiga na kuanguka kwa kicheko. Hakukasirika. Wengine wakawa ndio wahesabuji wake.

Maji nayo yaligawanywa. Alianza na lita 5, akiteka mara nne badala ya mara moja. Baada ya majuma matatu alichukua lita 7, kisha 10. Jembe vivyo hivyo: matuta mawili, apumzike, kesho yake asilime. Hapo shangazi walinung'unika, kwa maana mtu aachaye jembe saa tatu asubuhi na kwenda zake huonekana ana kiburi. Muuguzi aliwaita, akawaeleza mbele ya pamba na vidole vile visivyosikia. Shangazi mkubwa alichukua pamba akajaribu mwenyewe, mara mbili. Tangu siku ile hakusema neno la uvivu tena. Bibi alikuwa mgumu kuliko yeye. Alikuwa akimfuata mjukuu wake njiani na mkeka kwapani, endapo ataanguka, na kwa namna hiyo bibi naye akapata mazoezi.

Viatu vilitusumbua. Mguu wenye ganzi hauwezi kwenda katika kandambili, maana mwiba huingia na kuoza bila mwenyewe kujua. Tulimnunulia raba zilizofungwa kwa kamba. Kila jioni huosha miguu, hukausha kati ya vidole, na kumwita mdogo wake atazame nyayo kwa taa. Siku mbili alikutwa na kidonda kidogo ambacho hakukisikia kabisa. Chakula nacho si jambo la pembeni: misuli haijengwi kwa muhogo peke yake. Maharage au ndagala viliwekwa katika sahani yake kila siku ilipowezekana, na siku ya homa mazoezi yalikatazwa mpaka homa ishuke siku mbili.

Yako mambo ambayo muuguzi alitaka yajulikane na nyumba nzima, nasi twayaandika kama alivyoyasema. Maumivu ya kifua, kuzimia au kusikia kizunguzungu kizito wakati wa kazi, moyo kwenda mbio bila mpango, kukosa pumzi mtu alalapo chali, au miguu kuvimba jioni: hayo yakitokea, mtu aache kila kitu na kwenda kwa mganga. Na yule ambaye karatasi yake ina dawa nyekundu, au aliyepigwa mionzi ya kifua, asianze mizigo mizito kabla moyo haujatazamwa kwa ile mashine ionyeshayo moyo ukipiga. Mwanamke wa namna hiyo atazamwe tena akichukua mimba, kwa maana mimba na uzazi humwongezea moyo kazi kubwa. Juu ya binti yetu, swali la watoto liliulizwa waziwazi. Muuguzi alisema kwamba dawa ya siklofosfamidi yaweza kuudhuru uzazi ikizidi kiasi, lakini wasichana wengi walioipata wangali wadogo huzaa, na siku zake za mwezi ni za kawaida. Zaidi ya hayo hakuna awezaye kuapa, wala kwa binti yeyote wa kijiji.

Baada ya miezi mitatu walimpima tena. Kwenye kiti alifika mara 14. Uwanjani alizunguka mara tatu na nusu, asiketi. Ganzi ya vidole iko palepale; muuguzi alikuwa amekwisha mwambia kwamba mazoezi hayatairudisha hisia iliyokufa, bali yatamfundisha mguu na jicho kusaidiana. Hujikwaa bado, ila haanguki. Bidoni la lita 20 halibebi, na huenda hatalibeba kamwe. Hubeba 10 mara mbili, naye hufika nyumbani akizungumza. Sasa hutembea dakika 40 siku tano za juma, basi amekwisha kufikia zile dakika 150 hadi 300 ambazo Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, liliwapendekezea watu wazima wote, hata waliougua saratani.

Wale wageni walirudi. Safari hii binti aliomba ruhusa ya kusema mwenyewe mbele ya wanawake wao, jambo ambalo si desturi, na wazee wakakubali baada ya kunong'onezana kitambo. Alileta daftari. Akawaambia anachoweza, lita ngapi na matuta mangapi, na asichoweza. Mama wa kijana alilishika daftari chini juu, kwa maana hajui kusoma, akauliza, "Na hizi hesabu zinapanda?" Binti akamwambia zinapanda. Yule mama akauliza tena kama mtu aweza kuzianza akiwa na umri wake, kwa sababu magoti yake yamechoka.

Mahari ingali yazungumzwa, na mbuzi wanasumbua kuliko saratani. Karatasi ya hospitali imenakiliwa kwa mkono mara tatu, kwa wino mzito: nakala moja iko kituoni, moja iko kwa ndugu yetu aliyeko Baraka, ili vita vikitutawanya isipotee yote, na ya tatu aliiomba kijana. Alisema ataisoma polepole, kisha aje kuuliza maana ya majina yale matatu.